Mfululizo wa Filamu Chuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila muhula unapoanza tunapokea maswali yale yale kutoka kwa wanafunzi wapya, wazazi, wakazi wa mitaa inayozunguka chuo chetu hapa Dar es Salaam, na hata wahadhiri wenzetu waliosikia habari za maonyesho lakini hawajawahi kufika. Tumeyakusanya hapa. Mengine tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanagusa kiini cha kazi yenyewe, na mengine kwa sentensi mbili tatu tu.

Mfululizo huu ni kitu gani, na unatofautianaje na kwenda sinema?

Ni maonyesho nane ya filamu katika kila muhula, na kila onyesho hufuatiwa na mjadala wa takriban saa moja unaofunguliwa na mgeni mwalikwa. Filamu za muhula mmoja hufungwa na mada moja. Muhula uliopita mada ilikuwa maji, na muhula huu ni riwaya na hadithi zilizogeuzwa kuwa filamu. Ndiyo sababu tunauita mfululizo: mtu akihudhuria mara tatu au nne huanza kuona jinsi filamu ya wiki hii inavyoijibu ile ya wiki iliyopita, jambo ambalo haliwezi kuonekana kwa kutazama moja moja.

Katika sinema ya mjini taa zikiwaka shughuli imekwisha. Kwetu taa zikiwaka ndipo nusu ya pili inapoanza, na nusu hiyo ina uzito sawa na ile ya kwanza. Tunalisema mapema kwa sababu kila mwaka wapo wanaoinuka majina ya waigizaji yanapoanza kupita kwenye pazia. Hatumzuii mtu kuondoka, lakini tunaomba kwa dhati kwamba, kama hujawahi kuhudhuria, ubaki walau robo saa ya mjadala kabla ya kuamua kuwa haukuhusu.

Lazima niwe mwanafunzi? Kiingilio ni kiasi gani?

Si lazima, na hakuna kiingilio. Asiyekuwa na kitambulisho cha chuo huandikisha jina lake getini kama mgeni yeyote. Viti hujaa kwa utaratibu wa anayewahi, na hatumhifadhii mtu kiti, awe mkuu wa idara au mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Maonyesho hufanyika saa ngapi, na kwa nini kuna mapumziko katikati?

Hufanyika Alhamisi. Milango hufunguliwa saa 10:00 alasiri, na filamu huanza saa 10:30 kamili, bila kumsubiri yeyote. Filamu nyingi tunazochagua hazizidi saa moja na dakika arobaini na tano, kwa hiyo humalizika kabla ya adhana ya magharibi au karibu nayo. Hapo tunapumzika kwa nusu saa: wanaoswali wanaswali, wengine wanakunywa chai nje ya ukumbi, kisha tunarudi kwa mjadala unaofungwa saa 2:00 usiku, ili wanaotegemea daladala na wanaokaa kwenye mabweni yenye muda wa kufunga geti wasipate shida.

Mwanzoni mapumziko hayo yaliwekwa kwa ajili ya swala peke yake. Baadaye tuligundua kuwa yanausaidia mjadala pia. Mtu aliyetoka kutazama filamu nzito hahitaji kushikishwa kipaza sauti papo hapo. Anahitaji kusimama uani, kunyamaza, kumuuliza jirani yake kama naye ameiona ile sehemu ya mlangoni, ndipo arudi akiwa na la kusema. Mwezi wa Ramadhani ratiba huhamia Jumamosi asubuhi.

Filamu huchaguliwaje?

Tunaangalia mambo matatu, na yote lazima yakutane. La kwanza ni mada ya muhula. La pili ni kupata ruhusa ya mwenye filamu pamoja na nakala safi. La tatu, ambalo watu hawalitarajii, ni kama yupo mtu anayeweza kuizungumzia kwa namna itakayotufundisha. Zipo filamu nzuri sana ambazo tumeziweka kando kwa mihula miwili au mitatu kwa sababu hatujampata mgeni wake.

Mfano ni Pumzi, filamu fupi ya dakika 21 iliyoongozwa na Wanuri Kahiu wa Kenya mwaka 2009. Inaonyesha Afrika Mashariki ya miaka ijayo, baada ya vita vya kugombea maji, ambapo watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa na hata jasho na mkojo wao husafishwa na kunywewa upya. Tungeweza kumwalika mhadhiri wa sanaa za maonyesho, naye angesema mengi ya maana kuhusu rangi na mandhari. Tulimwalika mtaalamu wa maji, mama ambaye amefanya kazi ya kupima mito kwa miaka mingi. Hakugusa habari za kamera hata kidogo. Alianza kwa kutuuliza kila mmoja ametumia ndoo ngapi tangu asubuhi, akawaomba walioko mstari wa mbele wataje kwa sauti, akaandika hesabu ubaoni. Ukumbi ulipoiona jumla yake, kila mtu alikuwa ameshaielewa ile filamu upya.

Katika mada hiyo hiyo tulionyesha Darwin's Nightmare, filamu ya makala ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliyopigwa Mwanza, ambayo hapa nchini wengi waliijua kama filamu ya mapanki, yaani mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani kwamba inaipaka nchi matope. Hatukuichagua ili kuamua nani alikuwa sahihi. Tuliichagua kwa sababu ni nadra filamu moja kuzungumzwa na nchi nzima, kuanzia viongozi hadi wauza samaki, wakati wengi wa waliokuwa wakiizungumzia hawakuwahi kuiona. Wageni walikuwa wawili: mtafiti wa uvuvi, aliyeeleza jinsi sangara alivyoingizwa katika Ziwa Victoria na kilichowapata samaki wa asili, na mfanyabiashara wa samaki aliyekulia mwaloni, pale ziwani samaki wanaposhushwa. Hawakukubaliana. Ulikuwa mjadala mzuri kuliko yote ya muhula ule, na naamini sababu ni kwamba kila mmoja alipinga sehemu tofauti ya filamu, kwa hiyo ikabidi turudi kuzitazama upya sehemu mbili badala ya kugawanyika katika kambi mbili.

Kwa nini mnaonyesha filamu za zamani kutoka Senegal au Burkina Faso badala ya filamu mpya?

Mpya tunaonyesha pia. Lakini chuo kina wajibu ambao sinema ya biashara haina, nao ni kuwapa watu kile ambacho hawawezi kukipata kwa urahisi kwingineko.

Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa kuli wa bandari ya Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akaingia kwenye filamu akiwa na umri wa kukaribia miaka arobaini, baada ya kutambua kuwa watu aliokuwa akiwaandikia hawakuweza kuvisoma vitabu vyake vya Kifaransa. Alikwenda Moscow kujifunza, akarudi, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu isiyozidi dakika ishirini kuhusu siku moja ya mwendesha mkokoteni jijini Dakar. Alikuwa akiiita sinema shule ya jioni. Kwa Mtanzania maneno hayo yana maana ya pekee, kwa sababu tuna wazazi na mababu waliojifunza kusoma katika madarasa ya ngumbaru, jioni, baada ya shamba. Tulipoionyesha filamu hiyo, kijana anayesukuma mkokoteni katika soko la jirani alikuwa ukumbini. Aliinua mkono na kusema kwamba yule mtu wa Dakar amekosea kumpakia abiria bila kupatana naye bei kwanza. Kwa dakika kumi na tano zilizofuata yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu, kwa kuwa ndiye peke yake aliyejua hesabu ya siku ya mtu wa kazi ile.

Kutazama filamu za wenzetu ni kujua pia kuwa hatukuanza jana. FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso, limekuwapo tangu mwaka 1969, na Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar lilianzishwa mwaka 1997. Wanafunzi wengi wamesikia habari za tamasha la Cannes, Ufaransa, kabla ya kusikia kwamba Ngome Kongwe pale Unguja hugeuka ukumbi wa wazi wa sinema.

Je, Bongo movie zina nafasi?

Zina nafasi, na tunasikitika inapodhaniwa kuwa hazina. Zinachaguliwa kwa vigezo vile vile vitatu. Tatizo linalotukwamisha mara kwa mara si ubora, bali kumpata mwenye haki halali ya filamu, maana nyingine ziliuzwa kwa wasambazaji kwa makubaliano ambayo leo hata waliozitengeneza hawana karatasi zake.

Muhula huu mada ni riwaya. Je, lazima nisome kitabu kabla ya kuja?

Si lazima, ila ukiweza kusoma utafaidi zaidi. Onyesho la kwanza ni Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Wengi waliosoma Kiswahili kidato cha tano na cha sita wanaikumbuka: Unguja ya miaka ya 1950 chini ya Mwingereza, Yasmini aliyeikimbia ndoa aliyoozeshwa akiwa bado binti mdogo, na Denge na wenzake katika siasa za kudai uhuru.

Tunaomba jambo moja kwa waliokisoma kitabu. Msije na orodha ya yaliyoachwa. Filamu ya saa moja na nusu haiwezi kubeba riwaya nzima, na kila aliyesoma atakuwa na ukurasa wake alioupenda ambao haumo. Swali lenye manufaa ni kwa nini mwongozaji alibakisha alichobakisha, na kipi alikipa uzito ambao kitabu hakikukipa. Mtu aliyefanya mtihani wa riwaya hii ana mazoea ya kuorodhesha dhamira na wasifu wa wahusika. Jioni hiyo tunamwomba ayaweke kando mazoea hayo, atazame mwanga, nyuso na vichochoro, na asikilize Kiswahili kinavyosemwa.

Filamu za lugha nyingine zina manukuu? Na mjadala huendeshwa kwa lugha gani?

Filamu zisizo za Kiswahili huonyeshwa zikiwa na manukuu. Pale inapowezekana tunatengeneza manukuu ya Kiswahili wenyewe, kwa ruhusa ya mwenye filamu, na kazi hiyo hufanywa na wanafunzi wa tafsiri wakisimamiwa na walimu wao. Mstari mmoja hauzidi herufi arobaini hivi na hukaa kwenye pazia kwa sekunde chache tu, kwa hiyo mfasiri hulazimika kuamua neno lipi ni la lazima. Wanafunzi wametuambia kwamba wamejifunza kubana lugha kwenye manukuu kuliko katika zoezi lolote la darasani.

Mjadala huendeshwa kwa Kiswahili. Mgeni asiyekijua hukaa na mkalimani, na anayependa kuuliza kwa Kiingereza au Kifaransa hufasiriwa.

Hapa nataka kueleza jambo ambalo kwangu ndilo msingi wa kazi hii yote. Wapo wanaofikiri kwamba kuizungumzia filamu mbele ya watu ni desturi ya vyuo vya nje tuliyoiiga. Sivyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi mmoja wa filamu za mafunzo uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu zipatazo 35 na kuzizungusha kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Filamu zilikuwa bubu, na maelezo yalitoka kwenye santuri au kwa mtu aliyeshika kipaza sauti. Miaka mingi baadaye, katika vibanda umiza, yaani vibanda vya video vya mitaani, wasimulizi waliziingiza filamu za Marekani, India na Hong Kong katika Kiswahili kwa sauti moja inayoigiza kila mhusika, na jina kama la Lufufu likajulikana mitaani. Waliokaa kwenye yale mabenchi wanajua kuwa hakuna aliyetazama kimya. Watu waliuliza, walibisha, walimwonya shujaa kuwa adui yuko nyuma yake. Katika nchi yetu, tangu mwanzo, filamu imekuja pamoja na maneno ya watu waliomo chumbani. Katika maonyesho ya wakoloni maneno hayo yalikuwa ya upande mmoja, mwenye kipaza sauti akiwafundisha waliokaa chini. Tofauti yetu ni kwamba kipaza sauti kinazunguka.

Mgeni anayealikwa ni mtu wa aina gani, na kazi yake ni nini?

Ni mtu anayeijua sehemu fulani ya ulimwengu ulioonyeshwa kwenye filamu kwa kuiishi au kwa kuisomea. Anaweza kuwa mwongozaji mwenyewe, mpiga picha, mwanahistoria, nesi, wakili au mvuvi. Kazi yake ni kuchokoza mada kwa dakika kumi na tano, kisha kusikiliza na kujibu. Si mhadhara, wala si hotuba ya mgeni rasmi. Tunamwandikia mapema, tunampa filamu aitazame angalau mara mbili, na tunamwomba achague tukio moja tu la dakika mbili au tatu ambalo tutalirudia kwenye pazia wakati anaongea. Sharti hilo la tukio moja ndilo lililoleta mabadiliko makubwa kuliko yote. Kabla yake wageni walikuwa wakizungumzia filamu kwa ujumla na watu wakisinzia.

Nakumbuka jioni moja. Mgeni alikuwa mzee mstaafu aliyewahi kuendesha mashine za sinema mjini enzi ambazo familia nzima ilivaa nguo za Jumapili kwenda kutazama filamu ya Kihindi. Alieleza kuwa filamu ya milimita 35 hupita mbele ya taa kwa picha 24 kwa sekunde, kwamba mkanda mmoja wa futi 2,000 hukaa dakika kama ishirini na mbili, na kwamba chumba chake kilikuwa na mashine mbili ili moja ikiisha nyingine iwe imeshaanza. Ni nini kilichomwambia kuwa wakati wa kubadili mashine umefika? Alinyoosha kidole juu kulia kwa pazia letu, akasema: "Kitone. Kinatokea hapo, cha kwanza unawasha mota, cha pili unabadili. Ukipepesa macho, ukumbi mzima unapiga mbinja." Halafu alikaa kimya, kidole bado kikiwa juu, na sisi sote tukawa tunaitazama pembe ile tupu. Msichana mmoja akamuuliza: "Babu, kwa hiyo hukuwahi kuiona filamu yenyewe?" Akajibu kwamba aliziona zote, ila kila moja aliiona kwa vipande, na hadithi kamili alisimuliwa na mkewe wakirudi nyumbani.

Wageni hatuwalipi ada. Tunawagharimia nauli na chakula, na wakitoka mkoani au Zanzibar, malazi ya usiku mmoja.

Nina aibu ya kuongea mbele za watu, na sijasomea filamu. Naweza kuchangia nini?

Unaweza kusema ulichokiona. Swali la kwanza la mwendesha mjadala huwa lile lile kila wiki: ni picha gani imebaki kichwani mwako? Halihitaji istilahi wala uchambuzi. Mtu akisema "yule mtoto alivyoshika sufuria", tayari ameanza kuchambua, na wengine watamsaidia kuona kwa nini picha ile ilimkaa.

Utaratibu ni mwepesi. Anayechangia hupewa dakika mbili. Ambaye hajazungumza hutangulizwa kabla ya aliyekwisha kuzungumza. Wazee huanza kwa heshima zao za kawaida, lakini shikamoo hailipiwi kwa dakika za ziada. Mtu akimpinga mwenzake ampinge kwa kurejea jambo lililomo kwenye filamu, si kwa kutaja kabila, dini au chama chake. Wasiotaka kushika kipaza sauti huandika swali kwenye karatasi wakati wa mapumziko na kuliweka kwenye kikapu kilichoko mlangoni. Maswali mazuri kuliko yote mara nyingi hutoka kwenye kikapu hicho, na tunafungua mjadala kwa mawili ya humo.

Filamu yenye mambo mazito mnaishughulikiaje?

Tunatangaza maudhui yake wiki moja kabla, kwa maneno ya wazi, ili kila mtu aamue mwenyewe. Tulifanya hivyo tulipoonyesha Sometimes in April, filamu ya Raoul Peck ya mwaka 2005 kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, ambayo sehemu yake inahusu kesi zilizosikilizwa Arusha, katika mahakama iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994. Chuoni kwetu wanasoma vijana kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Kanuni tuliyoiweka, na ambayo hatutailegeza, ni kwamba hakuna anayeombwa kusimulia yaliyompata yeye au familia yake kwa sababu tu ya nchi anayotoka. Akitaka mwenyewe, atasikilizwa. Jioni hizo mshauri wa wanafunzi huwepo ukumbini, na milango ya nyuma huachwa bila kufungwa ili mtu aweze kutoka bila kuwapita wenzake.

Watoto wanaruhusiwa?

Inategemea daraja la umri ambalo filamu imepewa na Bodi ya Filamu. Tangazo la kila onyesho hulitaja, nasi hulifuata.

Kwa nini hamtoi nakala ya filamu kwa waliokosa, na kwa nini ni marufuku kurekodi?

Kwa sababu filamu si mali yetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyeitengeneza, na ruhusa tunayopewa ni ya kuonyesha siku moja, mahali pamoja. Watu wengi hudhani kuwa ukinunua DVD au ukilipia huduma ya filamu ya kila mwezi umepata haki ya kuonyesha hadharani. Umepata haki ya kutazama nyumbani kwako tu. Tunamwandikia mwenye filamu au msambazaji wake, tunamweleza kuwa hakuna kiingilio na ukumbi una viti vingapi, na mara nyingi hutupa bei nafuu au ruhusa ya bure. Waongozaji wa hapa kwetu wameumizwa sana na nakala za wizi. Chuo kinachofundisha sanaa hakiwezi kuwa sehemu ya kuwaumiza.

Umeme ukikatika?

Tunasubiri genereta. Iliwahi kutokea zikiwa zimebaki dakika kumi na tano filamu iishe, na genereta ikachelewa kwa zaidi ya dakika ishirini. Tulikaa gizani kwa mwanga wa simu, na mwendesha mjadala akauliza kila mmoja anadhani hadithi itaishaje. Umeme uliporudi, hakuna aliyekuwa ameondoka, na mwisho wa filamu ulipokelewa kwa kelele kama za mpirani. Tangu hapo wapo wanaotuomba tuwe tunasimamisha filamu kwa makusudi. Hatufanyi hivyo, kwa sababu mwongozaji hakuitengeneza ikatizwe.

Ukumbi unafikika kwa mtu mwenye ulemavu?

Kuna njia ya mteremko upande wa maktaba, na nafasi za viti vya magurudumu ziko mstari wa katikati, si pembeni. Mkalimani wa lugha ya alama hupatikana kwa mjadala ukituarifu siku nne kabla. Kwa wasioona bado hatuna huduma ya maelezo ya sauti, na hilo ni pungufu tunalolijua na tunalolifanyia kazi.

Nimetengeneza filamu yangu. Mnaweza kuionyesha?

Onyesho la mwisho la kila muhula ni la filamu fupi za wanafunzi na vijana wa mtaani, zisizozidi dakika 15. Leta faili la MP4 lenye ubora wa 1080p, manukuu katika faili la SRT la peke yake kama yapo, na maelezo yanayoonyesha kuwa muziki uliotumia una ruhusa. Filamu nyingi tunazozirudisha hukwama kwenye muziki. Kijana amepiga picha nzuri, ameelekeza waigizaji vizuri, kisha ameweka wimbo wa msanii maarufu bila kumwomba. Mtafute rafiki anayepiga gitaa au zeze. Utapata muziki wa filamu yako, naye atapata jina lake kwenye pazia.

Tunataka kuanzisha mfululizo kama huu chuoni kwetu. Tuanzie wapi?

Anzeni na sauti. Fedha ikitosha kitu kimoja tu, nunueni spika nzuri, kwa maana watu huvumilia picha iliyofifia kidogo, lakini maneno yasiposikika wanaanza kuzungumza wao kwa wao, na hapo mmewapoteza. Kisha shughulikieni giza. Kumbi za mihadhara zimejengwa zipate mwanga na hewa, kwa hiyo mtahitaji mapazia meusi mazito, na mtahitaji kuamua ni feni zipi zizimwe ili zisishindane na sauti. Jaribuni filamu nzima siku moja kabla, mkiwa mmekaa mstari wa nyuma kabisa, msome manukuu mkiwa hapo. Sisi tulijifunza hili baada ya kuonyesha filamu ambayo manukuu yake yalichelewa sekunde nne nyuma ya maneno tangu mwanzo hadi mwisho, mwanamke akicheka na maneno ya msiba yakipita chini yake.

Msianze na filamu ndefu. Anzeni na filamu fupi ya dakika ishirini na mjadala wa saa nzima, ili watu wajue tangu siku ya kwanza kuwa walikuja kuzungumza. Na mwendesha mjadala asiwe mgeni, wala asiwe mwenyekiti wa idara. Awe mtu anayeweza kumkatiza profesa kwa adabu.

Mijadala hurekodiwa?

Hairekodiwi kwa video, kwa sababu watu huongea kwa uangalifu wa kupita kiasi wakiona kamera. Mwanafunzi mmoja huandika muhtasari kwa mkono katika daftari kubwa lenye jalada gumu, bila kutaja majina ya wachangiaji. Madaftari yote yako kwenye kabati la vioo karibu na kaunta ya maktaba, na yeyote anaweza kuomba kuyasoma akiwa pale pale.

Nawezaje kupendekeza filamu au mgeni?

Andika pendekezo kwenye karatasi na uliweke kwenye kikapu kile kile cha mlangoni. Taja jina la filamu, mahali ulipoitazama, na tukio moja ambalo ungependa tulirudie kwenye pazia. Pendekezo lisilo na tukio tunalirudisha kwa mwenyewe alijaze.